Mzigo wa Malkia: Kitabu cha Fazila Tatu cha Christine de Pizan

Wanafunzi wa seminari wasomapo mambo ya kale ya Ulaya, hukutana na wafalme wengi na malkia wachache. Kwa hiyo twapenda kuwaonyesha wasomaji wetu Kitabu cha Fazila Tatu, alichokiandika Christine de Pizan huko Ufaransa mwaka 1405. Christine alizaliwa Venezia, akalelewa Paris, kwani baba yake alikuwa mnajimu wa mfalme Charles V. Alipokuwa na miaka 25 hivi alifiwa na bwana yake, akawalisha watoto wake kwa kalamu. Kitabu hiki alimtolea Marguerite wa Bourgogne, msichana aliyeolewa na mrithi wa ufalme.

Fazila hizo tatu ni mabibi watatu: Akili, Unyofu na Haki. Wao humfundisha kwanza malkia, kisha wake za wakubwa, kisha wake za wachuuzi, watumishi, hata makahaba. Wala mafundisho yao si ya sala tu. Malkia agawe mapato yake mafungu 5, na la kwanza liwe la Mungu na la maskini. Bibi mwenye ngome ajue hesabu ya mashamba, ajue na sheria za vita, maana bwana yake akiwa mbali adui hamngoji. Kupita yote, malkia awe mpatanishi: wakubwa wakigombana, atafute amani kabla damu haijamwagika. Hapa twamsifu Christine bila kusita. Wengi walimwagiza mwanamke kunyamaza. Yeye alimpa kazi katika utawala.

Lakini kuna mashauri mengine yanayotutia mashaka. Christine ataka malkia atoe sadaka mbele ya watu, ili wengine wafuate. Ataka pia awaonyeshe adui zake uso wa furaha, hata akijua wanayoyapanga. Mambo ya namna hii yeye mwenyewe ayaita unafiki wa haki. Juu ya sadaka twaweza kumwelewa: Injili yatuagiza kuitoa kwa siri, lakini Injili hiyohiyo yataka nuru yetu iwaangaze watu. Juu ya uso wa furaha, dhamiri yetu haitulii upesi.

Je, ni ubaya wa moyo wake? Sisi twaona sababu nyingine. Mwaka 1392 mfalme Charles VI alishikwa na wazimu, na ugonjwa ukawa ukimwacha na kumrudia. Mwaka 1402 alimpa malkia Isabeau ruhusa ya kuamua magomvi ya wakubwa wakati yeye ni mgonjwa. Lakini wakubwa wale walikuwa na askari na feza. Malkia alikuwa na neno la mfalme tu, na neno hilo mfalme aliweza kulirudisha. Tarehe 5 Oktoba 1405 Christine alimwandikia Isabeau barua, akimsihi awapatanishe watawala wa Orléans na wa Bourgogne. Mwezi uleule walipatana. Hata hivyo, tarehe 23 Novemba 1407, mtawala wa Orléans aliuawa katika njia ya Paris na watu waliotumwa na mwenzake wa Bourgogne. Kwa muda wa miaka mamia watu wamemlaumu malkia kwa maovu ya nyakati zile.

Hapo ndipo tuonapo upungufu wa kitabu. Chamfundisha malkia namna ya kusema, ao namna ya kuvumilia, lakini hakidai apewe uwezo wa kutosha kwa kazi anayoagizwa. Asiye na fimbo hujifunza kutabasamu.

Kitabu ni chema, nacho kisomwe. Ila tusichukue humo fundisho la uvumilivu peke yake. Sisi mapadri na makatekista mara nyingi twamtuma mama mmoja wa parokia akatulize ugomvi wa jamaa, na asipofaulu twamnung'unikia. Kabla ya kunung'unika tujiulize: tulipomtuma, tulimpa uwezo gani?