Dua, Funga na Filimbi: Imani Inavyofanya Kazi Ndani ya Mwanamichezo

Uimara wa akili kwa mwanamichezo ni uwezo wa kuendelea kufanya jambo sahihi wakati mwili umechoka, matokeo yanakwenda kombo na jukwaa linazomea. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza Peter Clough, Keith Earle na David Sewell waliuchambua uwezo huo katika nguzo nne: kujimudu, kujitoa, kuipokea shida kama changamoto, na kujiamini. Dini haimo kati ya nguzo hizo. Lakini katika viwanja vya kusini mwa Tanzania, kuanzia Chiola na vijiji vingine vya Nachingwea hadi Uwanja wa Majaliwa mjini Ruangwa, ni nadra timu kuingia uwanjani bila kuomba. Mchambuzi anayetaka kujua wachezaji wa huko wanajikaza vipi hawezi kuiruka dua. Anatakiwa aifungue aone inagusa nguzo ipi, na kwa njia gani.

Dua ya timu huchukua muda mfupi tu. Wachezaji hushikana mabega, mmoja huongoza, wote huitikia amina. Waislamu hupitisha viganja usoni, na baadhi ya Wakristo hupiga ishara ya msalaba. Dakika hiyo ndiyo mbaya kuliko zote kwa mchezaji mchanga. Moyo unakwenda mbio, pumzi imekuwa fupi, macho yanatangatanga kwa mashabiki. Maneno ya dua hayahitaji kutafutwa, na kuyasema polepole kunaurefusha mtoko wa pumzi. Pumzi ya kutoka ikirefuka, mapigo ya moyo hushuka. Macho yakifumbwa au kuinamishwa, jukwaa hupotea kwa muda, na mikono ya wenzake mabegani humkumbusha mchezaji kwamba hayuko peke yake.

Makocha wa kisasa hufundisha kitu cha aina hiyohiyo kwa mpiga penalti: weka mpira, rudi hatua zako zilezile, vuta pumzi moja, amua kona, piga. Thamani ya utaratibu huo ni kwamba unaijaza akili kazi iliyozoeleka, hofu ikakosa nafasi. Dua ina faida moja ya ziada ambayo kocha hawezi kuinunua. Utaratibu wa penalti hufundishwa ukubwani. Dua mchezaji aliishika madrasa au kanisani akiwa mtoto, akairudia maelfu ya mara, misibani, safarini, kabla ya mtihani. Kilichoshikwa mapema hivyo hakipotei mtu anapopatwa na kiwewe.

Sehemu ya pili ya kazi ya imani ni kugawa mzigo, na hapo ndipo waumini wanapotofautiana kabisa. Mwanasaikolojia wa Marekani Kenneth Pargament na wenzake walieleza mwaka 1988 njia tatu ambazo muumini hukabili tatizo. Wapo wanaolibeba wenyewe, Mungu akiwa mbali. Wapo wanaomwachia Mungu kila kitu wakakaa kusubiri. Na wapo wanaoshirikiana naye: wanafanya sehemu yao yote, kisha matokeo wanayaacha mikononi mwake. Kwa mchezaji njia ya tatu ndiyo yenye manufaa, na Waislamu wa pwani wanaijua kwa jina la tawakali, ambayo kwa mafundisho sahihi huja baada ya juhudi. Mchezaji aliyeikubali anabaki na mambo machache ya kuhangaikia: kukaba, kupiga pasi, kurudi nyuma kwa wakati. Matokeo hayamkabi koo, kwa sababu hajayadai kuwa yake.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mwanariadha Mo Farah, mzaliwa wa eneo la Wasomali aliyekulia Uingereza, na ambaye alifanya mazoezi mara nyingi Iten nchini Kenya. Alisema hadharani kwamba aliomba dua kabla ya mbio, na sijida yake baada ya ushindi imeonekana duniani kote. Olimpiki ya London ya 2012 iliangukia ndani ya Ramadhani. Fainali ya mita 10,000 ilikimbiwa usiku wa tarehe 4 Agosti, muda mfupi baada ya magharibi. Ya mita 5,000, tarehe 11 Agosti, ilikimbiwa jua likiwa bado halijatua. Saa za kufunga London majira hayo zinazidi 17. Farah aliahirisha funga ili ailipe baadaye, akashinda mbio zote mbili. Kilichofanyika hapo ni ushirikiano ule wa njia ya tatu: imani ilibaki, dua ilibaki, na mwili ukapewa maji na chakula ilivyohitajika kwa kazi iliyokuwa mbele.

Miaka minne baadaye, huko Rio, Farah aliguswa miguu na mwenzake wa mazoezi, Galen Rupp, akaanguka katikati ya mita 10,000. Aliinuka, akaonyesha kidole gumba kwamba yuko salama, akarudi kundini, na mwishoni akachukua dhahabu. Kitaalamu, jambo la kutazama ni utulivu wa mizunguko iliyofuata. Mwanariadha aliyepatwa na hofu huchomoka kwa kasi kufidia sekunde alizopoteza, akazilipa mwishoni kwa miguu mizito. Farah hakupapatika. Haiwezekani kupima ni sehemu gani ya utulivu huo ilitoka kwenye dua na ni ipi iliyotoka kwenye miaka ya mazoezi. Vyote viwili vilikuwa ndani ya mtu mmoja.

Suala la funga linahitaji uangalifu zaidi katika mkoa wa Lindi, wenye Waislamu wengi. Ruangwa na Nachingwea ziko takriban nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, na mfungaji hukaa bila maji kwa saa 13 na ushei. Kwa kichwa, funga ni mazoezi halisi ya kujimudu. Mtu anayezoea kila siku kuiona kiu bila kuitii anajifunza jambo linalomfaa dakika ya 80. Mwili nao una hesabu zake. Uwanja wa kijijini hauna taa, hivyo mazoezi hufanyika kuanzia saa 10 alasiri hadi jua kuzama, yaani katika saa za mwisho za funga, upungufu wa maji ukiwa umefikia kilele. Miaka hii Ramadhani inaangukia ndani ya msimu wa mvua, ambapo unyevu wa hewa huzuia jasho kukauka na mwili unashindwa kupoa. Usingizi nao hukatwa na daku.

Ufumbuzi hauhitaji fedha. Mazoezi mazito ya mbio huwekwa wiki za kabla ya mwezi mtukufu. Ndani ya mwezi, kazi ya uwanjani hubaki fupi, ya mpira na mipango ya kiuchezaji, na husogezwa karibu kabisa na magharibi ili maji yafuate mara adhana inapolia. Daku hucheleweshwa hadi karibu na alfajiri, ikiwa na uji au wali na maji ya kutosha, badala ya kuliwa saa 6 usiku na mtu kulala. Mchezaji anayeona kizunguzungu hutolewa, bila kuulizwa imani yake ina nguvu kiasi gani.

Swali hilo la mwisho ndilo mlango ambao madhara huingilia. Pargament alionyesha pia upande wa giza: muumini anayeitafsiri shida kama adhabu ya Mungu huzidiwa na msongo kuliko asiyefikiri hivyo. Mchezaji aliyekosa penalti na kuambiwa kwamba hakuomba vya kutosha anabebeshwa makosa mawili kwa mpigo. Hirizi na mambo ya zile zinazoitwa kamati za ufundi, yaani za ushirikina, hudhoofisha kwa njia nyingine. Kujiamini kunahamishwa kutoka kwenye miguu ya mchezaji kwenda kwenye kitu kinachoweza kusahaulika hotelini. Timu iliyoshawishika kwamba mlango rasmi wa uwanja umetegwa imeshaanza mechi ikiwa na hofu.

Klabu ya soka ya Namungo ya Ruangwa inatoa kipimo kizuri cha namna ya kuyasoma mambo haya bila kujidanganya. Februari 2021 timu hiyo ilikwama Luanda, Angola, kwa masharti ya korona ilipokwenda kucheza na 1º de Agosto katika Kombe la Shirikisho Afrika, na baadhi ya watu wake wakawekwa karantini. Mechi zote mbili zikahamishiwa Dar es Salaam. Namungo ilishinda ya kwanza 6-2, ikafungwa ya pili 3-1, ikafuzu hatua ya makundi kwa jumla ya 7-5. Ushindi huo si ushahidi kwamba dua ya upande mmoja ilizidi ya mwingine. Waangola nao wana Mungu wao wanayemwomba. Ushahidi wa imani hutafutwa kwenye mwenendo: nani alilala vizuri, nani aligombana na mwamuzi, nani aliendelea kukaba timu ikiwa nyuma.

Tena uimara una vyanzo vingine. Mtanzania John Stephen Akhwari alimaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico tarehe 20 Oktoba 1968 akiwa wa 57 na wa mwisho, goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Kilichomsukuma, kwa maelezo yake yanayojulikana sana, kilikuwa wajibu kwa nchi iliyomtuma. Mchezaji asiye na dini anaweza kufika hukohuko, mradi awe na jambo kubwa kuliko yeye mwenyewe.

Kwa makocha wa Chiola, Ruangwa na Nachingwea, ombi ni hili: waacheni vijana waombe kwa namna yao, msimpime mtu imani kwa mabao, na Ramadhani ikiingia, ndoo ya maji safi na tende ziwe pembeni ya uwanja kabla ya adhana ya magharibi.