Pongezi kwa Watabibu wa Pumu ya Ngozi

Pumu ya ngozi ni ugonjwa sugu usioambukiza. Mara nyingi huanza utotoni, ukileta ukavu na muwasho unaozidi usiku. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, kama kwingineko vijijini, mgonjwa hupokewa kwanza na afisa tabibu au muuguzi wa zahanati. Daktari bingwa wa ngozi yuko mbali. Pengo la namna hiyo ndilo lililozaa Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, mwaka 1992, kinachowaandaa maafisa tabibu kwa miaka miwili kuwa wataalamu wa ngozi.

Huduma bora ya ugonjwa huu haihitaji mitambo. Mtabibu hukagua mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, huutofautisha na upele wa kuambukiza, kisha humwelekeza mama amwogeshe mtoto kwa maji ya uvuguvugu na kumpaka mafuta mazito ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Krimu ya steroidi hupakwa kwa maelekezo, palipovimba tu. Watabibu wanaofanya kazi hii kwa subira wanastahili pongezi, na zahanati zao zinastahili kupatiwa dawa hizo bila kukatika.