Mawe Mawili Mfukoni

Jumapili ya Pasaka ya mwaka 2015 hatukuimba kwa sauti yetu ya siku zote. Alhamisi iliyotangulia, tarehe 2 Aprili, watu wenye bunduki waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri, wakawatenga wanafunzi kwa dini zao, na watu 148 wakauawa. Baada ya ibada, tukiwa bado uani, mama mmoja aliuliza kama ni halali Mkristo kuendelea kununua unga kwa Msomali mwenye duka karibu na kituo cha matatu. Hakuna aliyemcheka, na baadhi yetu walimwambia aache. Mwenye duka huyo alikuwa ametuuzia kwa miaka mingi, na tulipofiwa alituletea sukari ya matanga bila kudai senti. Kati ya Alhamisi na Jumapili alikuwa amepewa jina jipya, naye hakuwa ametenda lolote.

Tangu siku ile neno hilo limenisumbua. Watu hulitamka kila siku, redioni, bungeni na hata madhabahuni, kana kwamba maana yake inajulikana. Naomba tulipime kama mfanyabiashara mwaminifu anavyopima, kwa jiwe moja tu.

Nianze na lisilo na ubishi. Yaliyotendeka Garissa ni ugaidi. Ndivyo pia ilivyokuwa tarehe 7 Agosti 1998, mabomu yalipolipuka Nairobi na Dar es Salaam siku moja na kuua watu zaidi ya 200, wengi wao wapita njia na wafanyakazi wa ofisi. Tukiyatazama matendo hayo tunaiona maana yenyewe: kuwaua au kuwaumiza kwa makusudi watu wasiopigana, ili wanaobaki waogope na wafuate matakwa ya muuaji. Maana hiyo haitaji kabila, dini, wala mavazi ya mtendaji.

Mbona basi mataifa yameshindwa kukubaliana? Mwaka 1937 Shirikisho la Mataifa liliandika mkataba kuhusu ugaidi, lakini haukupata kutumika. Umoja wa Mataifa umejadili mkataba mkuu kwa zaidi ya miaka 20 bila kuumaliza. Hata hivyo, mwaka 2001, majuma machache baada ya mashambulizi ya Marekani, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1373 na kuziagiza nchi zote ziadhibu ugaidi, bila kueleza ugaidi ni nini. Kila serikali ikabaki na kalamu yake na nafasi ya wazi ya kujaza.

Mjadala hukwama penye maswali mawili. Je, anayepigania uhuru wa nchi yake ni gaidi? Na je, jeshi la serikali likiwatisha raia kwa kuwaua, nalo liitwe hivyo? Wenye nguvu hawalipendi swali la pili. Sisi Waafrika tulilishika zaidi lile la kwanza: mkataba uliopitishwa Algiers mwaka 1999 na Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulisema kwamba mapambano ya watu ya kujikomboa hayahesabiwi kuwa ugaidi. Tulikuwa na sababu, maana wazee wetu waliitwa jina hilo.

Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya, tarehe 20 Oktoba 1952, serikali ya kikoloni iliwaita wapiganaji wa Mau Mau magaidi katika taarifa zake. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa. Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957, na miaka 50 baadaye, tarehe ileile, sanamu yake ikazinduliwa katikati ya Nairobi. Hata hivyo, Mau Mau ilibaki chama haramu kisheria hadi mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba Wakenya waliteswa chini ya utawala wake, ikasema inajuta, na ikakubali kuwalipa fidia wazee zaidi ya 5,000. Nelson Mandela naye aliongoza nchi na kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel, lakini ilipofika mwaka 2008 Marekani ilihitaji kutunga sheria ili kumwondoa yeye na chama chake katika orodha zake za magaidi.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba gaidi wa mmoja ni shujaa wa mwingine, tukaishia hapo. Kumbukeni Lari. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji walizichoma nyumba za watu waliohesabiwa kuwa upande wa serikali. Wengi waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Kisha vikosi vya upande wa serikali vililipiza kisasi papo hapo Lari, na watu wengine wengi wakauawa, wengi wao bila kuthibitishiwa kosa. Vifo vya kwanza vilitangazwa duniani kama ugaidi, lakini vya pili havikupata jina. Mtoto aliyeungua ndani ya nyumba hakuuliza kama aliyewasha moto anapigania ardhi. Aliyepigwa risasi kesho yake naye hakuuliza kama bunduki ilikuwa na kibali.

Na mchezo huu haukuondoka na mkoloni. Mwaka 2015, siku chache baada ya Garissa, mashirika mawili ya kutetea haki za binadamu ya pwani yalitajwa na serikali katika orodha ya washukiwa wa ugaidi, na akaunti zao zikafungwa. Mahakama Kuu ya Mombasa haikuona uthibitisho wa uhusiano huo. Tanzania, mwaka 2021, Freeman Mbowe, mwenyekiti wa CHADEMA, alishtakiwa kwa ugaidi na kukaa gerezani miezi zaidi ya saba, hadi mashtaka yakafutwa Machi 2022. Baada ya maandamano ya katikati ya mwaka 2025, vijana wa Kenya walifikishwa mahakamani chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi. Sisemi kwamba kila aliyeandamana hakuwa na kosa. Aliyechoma ofisi ya umma na ajibu kosa la kuchoma. Lakini sheria iliyotungwa kwa ajili ya waliofanya ya Garissa ikitumiwa kumtisha kijana mwenye bango, damu ya Garissa inadharauliwa.

Torati inamkataza Mwisraeli kuwa na mawe mawili ya kupimia katika mfuko wake, zito la kununulia na jepesi la kuuzia. Kosa liko mfukoni kabla hata ya mizani kutolewa. Anayelaani kifo kimoja na kukinyamazia kingine cha namna ileile anabeba mawe hayo, awe waziri au mzee wa kanisa.

Maandiko yenyewe yanamjua mtu aliyepewa jina lisilo lake. Matendo ya Mitume sura ya 21 inasimulia kwamba jemadari wa Kirumi, alipomkamata Paulo, alimdhania kuwa yule Mmisri aliyewaongoza wauaji elfu nne nyikani. Paulo alikuwa ametoka hekaluni. Na wale wawili waliosulubiwa pamoja na Bwana wetu, neno la Kiyunani wanaloitwa na Mathayo na Marko ni lilelile ambalo mwanahistoria Yosefo aliwaitia waasi dhidi ya Rumi. Kwa macho ya dola, siku ile misalaba mitatu ilibeba watu wa aina moja. Kanisa lililozaliwa chini ya msalaba huo lina kila sababu ya kuuliza ushahidi kabla ya kuitikia jina.

Tunao pia mfano wa nyumbani. Wakati wa hali ya hatari wengi wa ndugu wa Uamsho katika Kenya ya kati walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na baadhi yao waliuawa kwa hilo. Wengi wao pia walikataa kubeba bunduki za serikali, wakaitwa wasaliti na pande zote mbili. Walipima kwa jiwe moja, na iliwagharimu. Na Desemba 2015 basi liliposhambuliwa Mandera, abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah, mmoja wao, alipigwa risasi na akafa mwezi uliofuata kwa majeraha yake.

Yule mama wa unga sikumjibu siku ile. Leo ningemwambia: Mama, aliyeua tumwite kwa tendo lake, awe wa kwao au wa kwetu, awe na kibali au asiwe nacho. Na yule muuza duka tumwite kwa jina tulilomjua nalo, kisha twende tukanunue unga.