Kitufe cha Sydney Kinachosikika na Kugusika

Anayevuka barabara Sydney hategemei taa peke yake. Kwenye nguzo za vivuko kuna kitufe kikubwa cha mviringo, na juu yake bamba lenye mshale ulioinuka. Kifaa hicho, PB/5, kilitokana na kazi ya mhandisi wa sauti Louis Challis, na umbo lake likabuniwa na David Wood katika miaka ya 1980. Mlio wake umefika mbali kuliko barabara: umo hata kwenye wimbo "bad guy" wa Billie Eilish wa mwaka 2019.

Ingekuwa rahisi kuigeuza taa kuwa sauti na kuishia hapo: nyekundu mlio huu, kijani mlio ule. PB/5 inafanya zaidi. Wakati wa kusubiri hutoa mlio wa polepole, tak... tak..., na kazi yake kubwa ni kumwonyesha asiyeona nguzo iko wapi. Zamu ya kuvuka ikifika, hulia kwa ukali mara moja, kisha milio ikaenda mbio. Sikio linanasa badiliko hilo papo hapo.

Ila sikio lina udhaifu wake. Penye nguzo mbili zilizokaribiana, ni vigumu kujua ipi imelia. Hapo mkono unachukua zamu: ukiugusa mshale unahisi mtetemo unaokwenda sambamba na mlio, na mshale wenyewe unaelekeza upande wa kuvukia. Asiyeona wala kusikia anapata ujumbe wote kwa kiganja.

Kinachonivutia zaidi ni namna kiwango cha sauti kinavyopangwa. Ndani ya kifaa kuna maikrofoni inayosikiliza barabara. Malori yakipita, mlio unapanda. Usiku ukitulia, unashuka. Sauti ingekuwa moja siku nzima, inayotosha saa sita mchana ingewaamsha majirani saa nane usiku. Wangelalamika, ingepunguzwa, na mchana asiyeona asingesikia kitu. Tena kuna hatari ambayo wabunifu wengi huisahau: asiyeona husikiliza pia magari yenyewe, injini na matairi yanayokata kona. Mlio unaofunika sauti hizo unamnyima ulinzi wake. Kwa hiyo kifaa hupaza sauti kiasi cha kusikika tu, basi.

Hivi ndivyo kiolesura cha hisi nyingi kinavyopaswa kujengwa. Jicho, sikio na mkono kila kimoja kimepewa kazi kinayoiweza, na hakuna aliyelazimika kubonyeza mipangilio yoyote kwanza.

Udhaifu uliobaki uko mikononi mwa fundi. Mshale ukifungwa kwa kupinda kidogo tu, humpeleka asiyeona katikati ya makutano, huku mlio ukimhakikishia kwamba njia ni salama. Kabla kivuko hakijafunguliwa, mshale huo ukaguliwe kwa mkono, na akaguaye awe mtu asiyeona.