Tovuti ya Mudaka kwenye Google: hatua kwa hatua

Biashara ndogo iliyoko Mudaka, wilayani Kabare, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara inayotoka Bukavu kwenda uwanja wa ndege wa Kavumu, mara nyingi haina anwani ya mtaa wala namba ya jengo. Tovuti yake ikitaja Bukavu tu, inashindana na hoteli na maduka yote ya mjini. Ikitaja Mudaka tu, haimfikii mgeni asiyelijua jina hilo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ya kuifanya ionekane ni kueleza mahali ilipo.

Kwanza tovuti iwemo kwenye faharasa ya Google, yaani hifadhi ya kurasa inazozijua. Roboti za Google hufuata viungo, husoma kurasa na kuzihifadhi. Ukurasa usiohifadhiwa hautokei kabisa. Ukaguzi hufanywa kwa kuandika site: na jina la tovuti, bila nafasi, kwenye kisanduku cha kutafutia. Kisipotokea kitu, huenda faili la robots.txt linazifungia roboti mlango, au amri ya noindex, inayoikataza Google kuhifadhi ukurasa, imesahaulika tangu tovuti ilipokuwa ikitengenezwa. Baada ya marekebisho, ramani ya tovuti (sitemap), yaani orodha ya kurasa zake, hupelekwa kupitia Search Console, huduma ya bure ya Google.

Hatua ya pili ni vichwa vya kurasa. Kichwa kinachosema "Accueil" (Mwanzo, kwa Kifaransa) hakimwambii mtu lolote. "Nyumba ya wageni Mudaka, njia ya Bukavu–Kavumu" kinataja huduma na mahali kwa pamoja. Kwa kuwa wateja wengi hutafuta kwa Kifaransa, kila lugha hupewa ukurasa wake, nazo kurasa hizo huunganishwa kwa alama ya hreflang. Wanaokwenda Kahuzi-Biega, hifadhi iliyo kwenye orodha ya UNESCO tangu 1980, huandika jina la hifadhi. Ukurasa unaoeleza safari ya kutoka Mudaka kupitia Miti hadi Tshivanga, penye lango la hifadhi, huwajibu moja kwa moja.

Tatu ni ramani. Wasifu wa biashara kwenye Google hufunguliwa bure, na pini huwekwa penye lango lenyewe. Pengo la anwani huzibwa na Plus Code, msimbo unaotokana na latitudo na longitudo; wenye herufi na tarakimu 10 kwa jumla huonyesha eneo la takriban mita 14 kwa 14. Jina na namba ya simu huandikwa vilevile kila mahali.

Nne ni wepesi. Mwaka 2016 Google ilitangaza kwamba itapima tovuti kwa sura yake ya kwenye simu, na wateja wa hapa hununua mega za intaneti kidogo kidogo. Picha kumi za megabaiti 4 kila moja ni megabaiti 40. Zikipunguzwa upana na kuhifadhiwa kwa muundo mwepesi wa WebP, kila moja ikafika kilobaiti 200, jumla inakuwa megabaiti 2. Google huhesabu kuwa vizuri sehemu kuu ya ukurasa ikitokea ndani ya sekunde 2.5.

Mwisho ni viungo kutoka tovuti nyingine, kwa mfano za waongoza watalii au mashirika yanayolaza wageni hapo. Viungo vya kununua ni hatari: Google huweza kuzishusha tovuti zinazovitumia.

Matokeo husomwa kwenye Search Console baada ya wiki kadhaa. Ukurasa unaoonekana mara nyingi bila kubofywa unahitaji kichwa kipya. Usioonekana kabisa hurudishwa kwenye ukaguzi wa faharasa.