Programu Isiyobagua Simu

Safaricom ilipozindua M-Pesa nchini Kenya mwezi Machi 2007, programu ya mteja haikukaa kwenye simu. Ilikaa kwenye laini. Kipande kile kidogo cha plastiki ndicho kilichobeba menyu, kikauliza namba ya mpokeaji, kiasi na namba ya siri, kikayafumba yote na kuyatuma kama ujumbe mfupi. Mwenye laini ya zamani alikwenda kubadilishiwa. Mwaka 2008 Vodacom ilipoileta huduma hiyo Tanzania ilishika njia nyingine, ambayo leo hata mtoto wa shule ya msingi anaijua kwa moyo: *150*00#. Njia hii haiweki kitu kwenye laini wala kwenye simu. Programu yote iko kwa mwenye mtandao. Simu inaonyesha maandishi na kurudisha namba uliyobonyeza, basi.

Huduma ni ile ile na jina ni lile lile, lakini ukiifungua ndani utakuta vitu viwili visivyofanana. Upande wa Kenya ulijifunga kwenye chipu ya laini, ukapata kile ambacho chipu inakiweza: siri inayofumbwa mkononi mwa mteja kabla haijatoka, na menyu inayofunguka hata mtandao ukiwa umelala. Upande wa Tanzania haukutaka kujifunga na kifaa chochote, kwa hiyo kila mwenye simu alikuwa mteja tayari. Gharama yake tunaijua wote. Ukurasa mmoja hauzidi herufi 182, na mtandao ukiyumba kabla hujamaliza, unaanza tena kuanzia nyota ya kwanza.

Nenda gulio la Tengeru siku ya Jumamosi uone thamani ya uamuzi ule. Mama aliyeteremsha ndizi kutoka juu, pande za Nkoaranga, ana kiswaswadu kilichofungwa mpira wa manila ili betri isichomoke. Mnunuzi wake ana simu janja yenye kamera tatu. Malipo lazima yakamilike kabla Fuso haijaondoka, na hakuna anayemwuliza mwenzake simu yake ni ya aina gani. Anayeona jambo hilo ni la kawaida hajawahi kuandika programu.

Kazi ninayotaka kuisifu ni ya huyo aliyefanya swali lisiulizwe. Sifa zake ni ngumu kuzitaja kwa sababu kazi yake ikiwa nzuri haionekani. Kila lugha ya programu inabeba ndani yake jibu la swali moja zito: mwandishi aruhusiwe kuijua mashine iliyo chini yake kwa kiasi gani? Akijua kila kitu, ataitumia hadi tone la mwisho, na programu yake itakufa siku mashine hiyo itakapokufa. Asipojua chochote, programu itatembea kote, ila itatembea kama mgeni asiyejua kona za mji.

Swali hili lilikuwepo kabla ya simu za mkononi. Mwaka 1973 mfumo endeshi wa Unix uliandikwa upya kwa C, lugha aliyoitunga Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani. Mwanzoni uliandikwa kwa amri za mashine yenyewe, moja baada ya nyingine, na amri hizo hazikueleweka na mashine ya aina nyingine. Watu wengi husimulia kana kwamba C ilimaliza tatizo siku hiyo hiyo. Haikumaliza. Miaka minne hivi baadaye Ritchie na mwenzake Steve Johnson walitaka kuihamishia Unix kwenye Interdata 8/32, kompyuta isiyofanana na PDP-11 waliyoizoea, wakakuta C yao wenyewe imejaa mazoea ya PDP-11. Palipohitaji anwani ya kumbukumbu mtu alikuwa ameweka namba ya kawaida, kwa sababu kwenye mashine ya zamani vilitoshana. Ikabidi lugha yenyewe inyooshwe, na Johnson akaandika kompaila mpya iliyokusudiwa kuhamishika tangu mwanzo. Wazee wa kazi hii hupenda kusimulia kuwa katika uhamisho mmoja wa enzi hizo mashine iliwaka ikajitambulisha kwa jina la NUXI, kwa kuwa ilizipanga baiti mbili mbili kinyume. Kilichopatikana mwishoni ni Unix ambayo sehemu yake ndogo tu, iliyotengwa pembeni, ndiyo iliyojua inakaa kwenye mashine gani. Sehemu kubwa haikujua, na haikuhitaji kujua.

Ule mstari kati ya sehemu ndogo na sehemu kubwa ndio ufundi wenyewe. Lugha inaweza kusaidia kuuchora, lakini haiuchori.

Java ilidai inaweza. James Gosling na wenzake wa Sun Microsystems walianza mwaka 1991 wakiwazia vifaa vya nyumbani vyenye chipu za kila namna, na lugha ilipotangazwa mwaka 1995 ilikuja na ahadi ya kuandika mara moja na kuendesha popote. Mbinu yao ilikuwa ya kijanja: tunga kompyuta ya kufikirika, andika programu kwa ajili yake, kisha kila kompyuta halisi iigize ile ya kufikirika. Watani hawakuchelewa kuigeuza kaulimbiu ikawa andika mara moja, rekebisha popote. Sehemu iliyoumiza zaidi ilikuwa vitufe na visanduku vya kwenye kioo. Toleo la kwanza liliviazima kutoka kila mfumo endeshi, na kwa sababu kila kitu kilipaswa kupatikana kila mahali, kikabaki kile tu ambacho wote wanacho, yaani kidogo. Mwaka 1998 likaja toleo lililochora vitufe vyake lenyewe. Hayo yalikuwa makatambuga: mguu wowote yanaingia, njia yoyote yanapita, lakini humwoni mchezaji akiingia nayo uwanja wa Sheikh Amri Abeid.

Microsoft nao wakaingiza mambo ya Windows ndani ya Java yao. Sun wakawashtaki mwezi Oktoba 1997, na kesi ikaisha Januari 2001 kwa Microsoft kulipa dola milioni 20. Nimesoma watu wengi wakiihukumu kesi hiyo kama mapambano ya wema na ubaya. Mimi naona hamu ya kutumia kilicho kwenye Windows ilikuwa halali kabisa. Mwenye kompyuta alikuwa amekilipia. Kosa lilikuwa kwamba mwandishi aliweza kuvuka mpaka bila kuona bango lolote. Aliandika Java akiamini ni Java, akajikuta ameandika kitu kisichotoka nje ya Windows. Kujifunga kwa kujua ni uamuzi. Kufungwa bila kuambiwa ni mtego.

Na kuna jambo ambalo matangazo ya kila zama huliruka. Uhuru wa jukwaa hauliondoi jukwaa, unalisogeza. Java ilitutoa kwenye utumwa wa chipu ikatuweka chini ya ile kompyuta ya kufikirika na wenye kuitunza. Tovuti zilitutoa kwenye Windows zikatukabidhi kwa kivinjari. Nyota na reli ziliifanya simu isiwe na maana, na papo hapo zikaifanya kampuni ya simu iwe kila kitu: kijana wa Arusha anayetaka huduma yake ipatikane kwa namba fupi lazima apitie kila kampuni, au alipe mtu wa kati aliyekwisha kupitia. Kwa muda mrefu hata pesa yenyewe ilikwama kwenye mipaka hiyo, hadi kampuni zilipoanza mwaka 2014 kukubaliana wateja watumiane moja kwa moja, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Mfano ninaoupenda zaidi ni kontroo namba ya malipo ya serikali, tarakimu 12 zisizojali unalipia benki gani au simu gani. Haikuhitaji lugha mpya ya programu. Ilihitaji watu wakae wakubaliane namba inamaanisha nini, na makubaliano hayo yana umri mrefu kuliko kifaa chochote.

Maduka ya dawa na ya vipuri ya mjini hapa Arusha, kuanzia Soko Kuu hadi Mianzini, ni shule nzuri ya mambo haya. Duka moja lina kompyuta ya Windows ambayo mwenyewe hataki iguswe kwa sababu bado inafanya kazi. Jirani yake anauza kwa tableti ya Android. Wa tatu amewekewa Linux na mpwa wake aliyesoma Chuo cha Ufundi, na mpwa sasa yuko Dodoma. Wote wanataka risiti itoke. Fundi mchanga ataegemea programu ya printa iliyokuja na Windows, na siku mteja akihamia tableti ataandika upya nusu ya kazi. Fundi mzoefu anajua kwamba printa nyingi za risiti, za Epson na zile zinazoziiga, zinasikia amri za aina moja. Baiti 27 ikifuatwa na 64 inaisafisha printa ianze upya. 29 ikifuatwa na 86 inaanzisha amri ya kukata karatasi. Baiti hizo ni zile zile zikipita kwenye waya wa USB au kwenye Bluetooth. Kwa hiyo anaandika faili fupi yenye mambo matatu: fungua njia, tuma baiti, funga njia. Faili hiyo ina sura ya Windows, sura ya Linux na sura ya Android. Bei, akiba, punguzo na madeni ya wateja sugu vinakaa mbali nayo, na havijui kama duniani kuna kitu kinaitwa printa.

Mengine ni madogo lakini yanauma: Windows huona Risiti na risiti kuwa faili moja, Linux huona mbili.

Nisije nikaeleweka kwamba nahubiri uhuru tu. Panda upande wa pili wa Meru, Ngarenanyuki, ambako mlima unazuia mvua na kijani cha migomba kinaisha, na watu wanaishi kwa nyanya na vitunguu vya mifereji. Kantangaze, yule mdudu wa nyanya aitwaye Tuta absoluta, aliripotiwa Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 2014, na ilikuwa huku huku Arumeru. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, pale Tengeru, wamekuwa wakizifundisha kompyuta kuyatambua madhara yake kwenye picha za majani ya nyanya, na wengine wamefanya hivyo kwa magonjwa ya migomba hadi kufikia programu ya simu. Jambo hili nyota na reli haziliwezi. Linahitaji kamera, linahitaji chipu yenye nguvu, na linahitaji lifanyike papo hapo shambani hata mtandao usipofika bondeni. Anayekataa kutumia uwezo wa Android mahali hapa kwa kuogopa kujifunga anamnyima mkulima kitu ambacho tayari kiko mfukoni mwake.

Lakini tazama mstari ulivyochorwa hata hapo. Mafunzo ya kompyuta hufanyika kwa Python, kwenye mashine kubwa isiyojua simu. Matokeo yake ni faili la namba, nalo halina kabila. Kinachohitaji kuijua simu ni hatua ya mwisho tu, kupiga picha na kuzipitisha zile namba kwenye chipu. Na mtu mmoja kijijini akishapata jibu, onyo kwa majirani linaweza kwenda kwa ujumbe wa kawaida hadi kwenye viswaswadu vyao.

Siku hizi vijana wawili waliopanga chumba Sakina wakipata kazi ya kampuni ya utalii huchukua Flutter, ya Google, iliyofikia toleo lake la kwanza mwaka 2018. Inaandikwa mara moja kwa Android na iPhone, na vitufe inachora yenyewe, kama ile Java ya 1998 ilivyofanya. Wakongwe wananuna. Mimi sinuni, kwa sababu fedha ya kuandika mara mbili hawana, na mgeni anayesubiri gari lake la Serengeti hachunguzi kitufe kimechorwa na nani. Ninachochunguza ni kingine. Nikiletewa programu ya mtu niiendeleze, kabla ya kutaja bei natafuta neno Android ndani ya mafaili yote. Likijitokeza kwenye folda moja ndogo, naagiza chai na tunaelewana haraka. Likijitokeza mpaka kwenye hesabu ya punguzo, bei inapanda.