Mlango wa Caravan Hall

Kongamano dogo la mashabiki wa bunilizi ya kisayansi lina sehemu chache, na kila aliyewahi kukaa kwenye kamati anazijua: ukumbi, ratiba ya majopo, mgeni wa heshima, mnada, meza ya vitabu na mlango. Sehemu tano za kwanza zikiharibika, hurekebishwa siku hiyohiyo. Mgeni akichelewa, jopo linalofuata hupandishwa juu. Umeme ukikatika, watu husogeza viti na kuzungumza kwa sauti zao. Mlango ukiharibika haurekebishiki, na mfano wake mkubwa ni ule wa Caravan Hall, New York, Jumapili ya 2 Julai 1939, siku ambayo kamati ya kongamano la kwanza la dunia iliwakataza mashabiki 6 kuingia. Uamuzi ule ulikuwa kosa tangu ulipotoka mdomoni, na miaka yote ya kuutetea haijaupunguzia uzito.

Namna nzuri ya kufanya kazi hiyo ilikwisha kuonekana Uingereza miaka miwili na nusu kabla. Tarehe 3 Januari 1937 mashabiki wa Leeds waliwaita wenzao kwenye Theosophical Hall ya mji huo. Waliofika wangeenea kwenye teksibasi moja ya Lubumbashi: Arthur C. Clarke akiwa na miaka 19, Eric Frank Russell, Walter Gillings, Ted Carnell na wenzao wachache. Hapakuwa na filamu wala mavazi ya anga. Watu walikaa, wakabishana juu ya chama na jarida, wakatoka na vyote viwili. Kijarida cha chama hicho, Novae Terrae, ndicho Carnell alichokigeuza kuwa New Worlds, jarida lililowalea waandishi wa Uingereza kwa miaka mingi. Hayo ni matunda ya siku moja.

Wapo Wamarekani wanaoipa Philadelphia nafasi ya kwanza, kwa sababu tarehe 22 Oktoba 1936 kikundi cha vijana wa New York kilipanda treni kwenda kuwatembelea wenzao wa huko, na wakiwa nyumbani kwa mwenyeji wakaamua kuiita ziara yao kongamano. Kutembeleana nyumbani si kongamano, hata kama Frederik Pohl alipewa ukatibu wa kikao. Leeds ilitangaza, ilipanga na ilialika. Haki yake isichukuliwe na watu waliobatiza matembezi yao wakiwa wameshafika.

Hata hivyo ziara ile ina jambo moja la kukumbukwa. William Sykora na Donald Wollheim walikuwa humo pamoja, upande mmoja. Mwaka uliofuata walikuwa mahasimu. Oktoba 1937, tena Philadelphia, Wollheim alisoma hotuba ya John Michel iliyowataka mashabiki waingie katika siasa za mrengo wa kushoto, na wengi wakaipigia kura ya kuikataa. Ni Wollheim huyohuyo aliyekuwa ametoa wazo la kufanya mkutano mkubwa New York wakati wa Maonyesho ya Dunia ya 1939, na neno “dunia” katika jina la kongamano limetoka kwenye maonyesho hayo. Mei 1938, kwenye mkutano wa Newark, kazi ya maandalizi iliondoka kwa Wollheim na baadaye ikaingia mikononi mwa kundi la New Fandom, chini ya Sykora, Sam Moskowitz na James Taurasi. Wollheim na wenzake wakaunda kundi lao, Futurians. Mwenye wazo alibaki nje ya kamati. Hilo hutokea, na lingesameheka.

Kilichotokea mlangoni hakisameheki. Moskowitz alikuwa ametimiza miaka 19 siku mbili kabla. Asubuhi ile alionyeshwa kijitabu cha rangi ya manjano kilichowaonya wajumbe kwamba kamati inaendeshwa kidikteta, na nakala zake nyingi zikakutwa zimefichwa ukumbini. Kilikuwa kimechapishwa na David Kyle, kwa uamuzi wake mwenyewe. Kamati haikumtafuta aliyekichapisha. Ililitafuta kundi. Futurians walipofika, kila mmoja alitakiwa kuahidi kwamba hataleta vurugu. Baadhi waliahidi au walipita tu, akiwemo Isaac Asimov wa miaka 19, ambaye baadaye aliandika jinsi alivyoona haya kwa kuwaacha wenzake nje. Sita hawakuingia: Wollheim, Pohl, Michel, Robert Lowndes, Jack Gillespie na Cyril Kornbluth. Kornbluth alizaliwa tarehe 2 Julai 1923. Alifungiwa mlango siku aliyotimiza miaka 16.

Kyle, mwenye kijitabu, aliingia na kuketi. Alipoinuka kuomba wenzake 6 waruhusiwe, hoja yake haikupewa nafasi.

Ukiutazama kiufundi, uamuzi huo umekosea kila mahali ambapo uamuzi wa mlango unaweza kukosea. Kwanza, kanuni ilitungwa pale pale mlangoni. Mwenye tiketi au mwaliko anapaswa kujua kabla ya kutoka kwake ni tendo gani litamfanya arudishwe. Akilisikia kwa mara ya kwanza akiwa ameshafika, hiyo si kanuni tena, ni hasira ya mwenye ufunguo. Pia ahadi ya kutofanya fujo ilidaiwa kwa watu wa kundi moja tu, ilhali wajumbe wapatao 200 walikuwa wakiingia. Ahadi ikidaiwa kwa wote ni utaratibu, ikidaiwa kwa wachache ni tusi, na kijana mwenye kujiheshimu hukataa tusi hata kama hana nia ya kuvuruga chochote. Adhabu yenyewe iliangukia wasiohusika na ikamkosa mhusika. Juu ya yote, waliosimama mlangoni kuamua ndio hao hao waliotajwa vibaya kwenye kijitabu. Hakuna baraza la wazee, Katanga au kwingineko, linalomruhusu mshtaki kuwa hakimu wa kesi yake.

Watetezi wa kamati husema kwamba ilikuwa na haki ya kuulinda mkutano, na kwamba Futurians walikuwa wagomvi kweli. Walikuwa wagomvi, hilo halina ubishi. Lakini mkutano wa watu wasiolipwa hutegemea wagomvi, kwa kuwa ndio wanaojali kiasi cha kukesha kwenye mashine ya kurudufu wakichapa vijarida. Kabla ya Julai 1941, watatu kati ya wale 6, yaani Pohl, Lowndes na Wollheim, walikuwa wahariri wa majarida ya bunilizi ya kisayansi. Kamati iliwafukuza wahariri wa kesho kwa kuogopa karatasi ya manjano.

Sehemu nyingine za siku ile zilikwenda vizuri. Mchoraji Frank R. Paul alistahili kuwa mgeni wa heshima, mnada ulifanyika, Ray Bradbury alisafiri kwa basi kutoka Los Angeles akiwa na miaka 18, na Forrest Ackerman na Myrtle Douglas walianzisha desturi ya kuja kongamanoni na mavazi ya kuigiza. Filamu ya Metropolis ilionyeshwa pia, jambo lisilo na ulazima: kila dakika ya filamu kwenye kongamano la fasihi ni dakika iliyochukuliwa kwa wasomaji.

John W. Campbell, mhariri wa jarida la Astounding, alikuwemo ukumbini, na kwa njia yake simulizi hii inafika Katanga. Mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 2 Agosti 1939, Einstein alitia saini barua kwa Rais Roosevelt iliyotaja Kongo ya Wabelgiji kuwa chanzo kikuu cha urani. Urani hiyo ilikuwa ya mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, Katanga. Mwaka 1940 Edgar Sengier wa Union Minière, kampuni ya mgodi huo, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe yenye urani hiyo New York. Mwaka 1944 Campbell alichapisha hadithi ya Cleve Cartmill kuhusu bomu la atomiki, na maofisa wa usalama wakaja kumhoji. Historia za ushabiki husimulia mahojiano hayo kwa furaha na hazitaji mgodi. Katanga ilikuwa ndani ya hadithi hizo tangu mwanzo, na katika Katanga hiyohiyo, wakati huo ikiitwa Shaba, mwaka 1977 na 1978 kampuni ya Kijerumani ya OTRAG ilirusha roketi zake, ya tatu ikianguka mbele ya macho ya Rais Mobutu.

Kwa hiyo kamati itakayoanzisha kongamano la namna hii Lubumbashi, mji wa Katanga, haitaazima mada. Ukumbi unaweza kupatikana Halle de l'Étoile au kwa watu wa kituo cha sanaa cha Waza. Wageni wa Zambia watapita Kasumbalesa na wapangiwe muda wa mpaka. Jenereta ijaribiwe jana yake, mafuta yakiwa ndani. Hayo yote wasanii wa mji wanayajua, kwani biennale ya sanaa ya Picha imekuwepo tangu 2008, na toleo la 2019 lilichukua wakati ujao kuwa mada yake.

Mfano wa mlango nao uko hapahapa. Mwaka 1986 kundi la maigizo la Mufwankolo lilitunga igizo kutokana na usemi kwamba utawala unaliwa mzima. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyeuliza maana ya usemi huo na baadaye kuandika kitabu juu ya kazi nzima, ameonyesha hatua zake: waigizaji walikaa wakabishana kwa Kiswahili cha mji, mmoja akisema usemi una maana hii, mwingine akipinga, na ubishi huo ndio uliozaa maonyesho yaliyochezwa katika kijiji cha Kawama mbele ya kamera za televisheni. Mpinzani alipewa nafasi ya kucheza. Mufwankolo na Leeds walijua jambo ambalo kamati ya New York, pamoja na ukumbi wake mkubwa na watu wake 200, haikulijua: mwenye neno gumu akalishwe ndani na apewe zamu ya kusema, kwa dakika zilizopangwa, chini ya mwenyekiti asiye na ugomvi naye.

Futurians walifanya mkutano wao wenyewe Brooklyn tarehe 4 Julai. Kongamano la dunia lilimwalika Pohl kuwa mgeni wa heshima Los Angeles mwaka 1972, na Wollheim New Orleans mwaka 1988, miaka 49 baada ya mlango kufungwa. Kornbluth alifariki mwaka 1958 akiwa na miaka 34, bila kualikwa. Tuzo ya Hugo aliipata mwaka 1973, kwa hadithi aliyoiacha haijakamilika na Pohl akaimalizia.